Maji yetu, meno yetu, utafiti kwa hisani ya nani?

Kijana wa Arusha akicheka Kariakoo hahitaji kutaja kwao. Meno yamekwishamtaja. Ataambiwa anakula ugoro, ataambiwa mswaki kwao ni anasa, naye atafunga mdomo na kucheka kwa macho, maana utani huo ameuzoea tangu shule. Hakuna uchafu pale, ndugu msomaji. Ni maji. Maji aliyokunywa akiwa mtoto yalipita kwenye miamba ya volkano ya mlima Meru yakachukua madini ya floraidi, na madini hayo yakampaka kahawia kabla meno hayajachomoza kwenye ufizi. Tena huyo ana nafuu. Wapo watu wa Maji ya Chai na vijiji vya jirani ambao floraidi haikuishia kwenye meno. Iliingia mpaka kwenye mifupa, miguu ikapinda wakiwa bado wadogo na migongo ikakakamaa kabla ya uzee.

Tumeanza na meno kwa makusudi. Tungeanza na neno utafiti, msomaji wetu wa Manzese au Ngarenaro angekwishahamia ukurasa wa michezo, na wala tusingemlaumu. Kwa miaka mingi neno hilo masikioni mwa mlalahoi limekuwa na maana ya semina ya hotelini, posho ya kikao, chai na sambusa, halafu kitabu cha Kiingereza chenye jalada la kung'aa kinachokwenda kulala kwenye kabati la ofisi. Wiki hii, hata hivyo, gazeti hili linataka kuzungumzia nafasi za utafiti wa uhandisi na sayansi ya mazingira katika vyuo vikuu vyetu, hasa chuo kimoja kilichoanzishwa kwa kazi hiyo hiyo: Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyopo Tengeru, nje kidogo ya mji wa Arusha. Tunasema nafasi hizo ni mali ya umma kama kilivyo kisima cha mtaa, na kwamba Serikali ya CCM imekiacha kisima hicho mikononi mwa wafadhili huku ikijisifu kuwa ina maji.

Ugonjwa wa floraidi si habari mpya. Mwaka 1964, Muungano ukiwa bado mbichi, madaktari walikwishaandika katika jarida la kitaalamu la Uingereza juu ya watu wa kaskazini mwa Tanganyika walioharibika mifupa kwa floraidi. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za madini hayo kwa lita. Sisi tulifanya nini? Mwaka 1974 tulijiwekea kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa maji ya vijijini, kisha kwa miaka mingi tukakaa kwenye 4. Maji yalikuwa yale yale. Kilichorekebishwa ni karatasi.

Tuwe wa haki. Wakati ule, kwa vijiji vingi, ilikuwa ama maji hayo ama hakuna kabisa, na waliopanga kiwango kile walijua kwamba wakikaza kamba visima vitafungwa na akina mama watarudi mtoni. Lakini kiwango cha muda hakiwezi kuwa cha muda kutoka kwa babu mpaka kwa mjukuu. Kilichotakiwa ni watu wa kukaa na tatizo hili mwaka baada ya mwaka mpaka lipate dawa, wakiwa na vifaa, wakiwa na mshahara, bila kuhamishwa kila akija waziri mpya.

Na msomaji asidhani dawa ni kuchemsha. Ukichemsha maji, vijidudu vinakufa, floraidi inabaki. Tena kwa kuwa maji yanapungua kwa mvuke, iliyobaki inazidi ukali. Katika kituo cha Ngurdoto kilicho chini ya Wizara ya Maji, wataalamu wamekuwa wakitumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa inachomwa kwenye tanuri lisiloingiza hewa nyingi, inasagwa, maji yanapitishwa humo na floraidi inanaswa. Ukisikia hivi unaona ni kazi ya mchoma chipsi. Sivyo. Moto ukiwa mdogo, maji yanatoka na rangi na harufu ya mfupa, na hakuna mtu atakayeyatia mdomoni. Moto ukizidi, mfupa unakuwa mweupe na nguvu yake ya kunasa inashuka. Halafu mkaa wenyewe unachoka baada ya muda, na mwenye nyumba hana namna ya kujua umechoka lini, kwa sababu floraidi haina rangi wala ladha ya kumshtua. Kila swali kati ya hayo ni miezi mingi ya kazi ya mtu mmoja mwenye maabara, msimamizi na fedha ya kula. Mtu huyo ndiye tunayemzungumzia leo.

Chuo cha Tengeru kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2011 na kikazinduliwa rasmi mwaka 2012 na Rais wa wakati huo, Jakaya Kikwete. Shahada ya kwanza hakifundishi. Kinachukua watu wa uzamili na uzamivu tu, katika sayansi, uhandisi na teknolojia, na miongoni mwa kazi zake kubwa ni maji, nishati na mazingira. Hapo ndipo alipofanyia kazi Dakta Askwar Hilonga, kijana wa Gongali, Karatu, aliyepata uzamivu wake Korea Kusini kisha akarudi nyumbani. Alichukua chujio la mchanga ambalo bibi zetu wangelitambua, akaliongezea chembe ndogo mno za kitaalamu zinazonasa uchafu mahususi wa mahali husika, floraidi ikiwamo. Mwaka 2015 Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza kikampa tuzo ya kwanza ya ubunifu wa uhandisi kwa Afrika, pauni 25,000. Ni jambo la kujivunia na sisi tunajivunia bila kinyongo. Ila tunauliza: aliyemwona kwanza na kumpa donge nono alikuwa nani? London. Dodoma ilikuja kupiga picha.

Sasa nafasi ya utafiti ni nini hasa? Wengi wetu tulioishia sekondari hatukuelezwa, na wanaojua hawana haraka ya kusema. Si kama mkopo wa Bodi, ambao unasoma kwanza halafu unakatwa mshahara. Mtafiti mwenye nafasi ya ufadhili analipiwa ada, anapewa posho ya kujikimu kila mwezi kwa miaka miwili ya uzamili au mitatu mpaka minne ya uzamivu, na anatengewa fedha za kazi yenyewe: kemikali, chupa za sampuli, nauli ya kwenda kijijini na kurudi, malipo ya mashine ya kupimia. Fungu hilo la mwisho ndilo linaloamua kila kitu. Mtu mwenye posho lakini asiye na fedha za vipimo ni kama dereva aliyepewa sare bila gari. Ataandika nadharia, atapata shahada, na floraidi itabaki kisimani.

Ili aipate, mwombaji anatakiwa awe na shahada yenye alama nzuri, andiko la kurasa chache la kile anachotaka kutafiti, barua za watu wawili wanaomjua kitaaluma na, kwa kawaida, umri usiozidi mwaka fulani. Mara nyingine inadaiwa barua ya mwajiri. Hapo pa mwajiri ndipo mlango unapogonga pua za vijana wengi. Mhandisi aliyemaliza chuo miaka minne iliyopita na leo anaendesha bodaboda Ubungo, barua hiyo ataandikiwa na nani? Na mwenye pikipiki anayedai hesabu yake kila jioni?

Turudi kwenye fedha, maana huko ndiko kwenye mzizi. Mwaka 2016 ulianza mradi wa Benki ya Dunia wa kuanzisha vituo vya umahiri katika vyuo vya mashariki na kusini mwa Afrika. Tengeru ilipata viwili, kimoja cha maji na nishati, kingine cha chakula na lishe. Vijana wengi walisoma kupitia vituo hivyo na kazi nzuri imefanyika, hilo hatubishi. Lakini fedha ile kwa Tanzania ilikuwa mkopo. Haikuwa sadaka. Mkopo huo utalipwa na muuza mitumba wa Kilombero na mama lishe wa Tandale, ambao hawakuwahi kuambiwa kwamba wanasomesha watafiti. Kabla ya hapo, na sambamba na hapo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilibebwa kwa miongo kadhaa na fedha za Sweden katika utafiti, na Kitivo chake cha Uhandisi kilichofunguliwa mwaka 1973 kilisimama kwa msaada mkubwa wa Wajerumani. Tunawashukuru. Mtu akikusaidia kubeba mzigo, unamshukuru. Ila akikuta miaka hamsini baadaye bado umemwachia mzigo ule ule kichwani, atakushangaa, na siku moja atautua.

Na ameutua. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai mwaka huo shirika lake la USAID, lile la vibandiko vya "kwa hisani ya watu wa Marekani", lilikuwa limefungwa. Februari 2025 Uingereza nayo ilitangaza kupunguza fungu la misaada kutoka asilimia 0.5 ya pato lake hadi 0.3 ifikapo mwaka 2027, ikisema fedha inakwenda kwenye ulinzi. Hayo ni maamuzi ya wenye mali na hatuna kura kwao. Anayestahili kuulizwa ni yule tunayempigia kura, au angalau yule anayetuambia kwamba tulimpigia.

Huyo ahadi zake tunazo. Mwaka 1980 wakuu wa nchi za Afrika, Tanzania ikiwamo, walikutana Lagos na kukubaliana kila nchi ielekee kutenga asilimia moja ya pato lake kwa sayansi na teknolojia. Mwaka 1986 Bunge likapitisha sheria ya kuunda Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, na baadaye ukaja mfuko wa kitaifa wa kuendeleza mambo hayo. Karatasi tunazo za kutosha kufungia vitumbua nchi nzima. Kila bajeti ikisomwa tunasikia utafiti ni kipaumbele, na vipaumbele vyetu vimekuwa vingi kiasi kwamba hakuna kilichobaki nyuma ili kingine kiwe mbele yake.

Tunajua jibu litakalokuja. Tutaambiwa ipo skolashipu ya Rais Samia, iliyoanzishwa mwaka 2022. Ni kweli ipo na ni jambo jema, ila ilianzishwa kwa ajili ya waliofaulu sana masomo ya sayansi kidato cha sita waende shahada ya kwanza. Tutaambiwa upo mradi mkubwa wa vyuo vikuu wa dola milioni 425, ulioidhinishwa mwaka 2021. Nao ni mkopo wa Benki ya Dunia, na sehemu ya kusomesha uzamili na uzamivu imelenga wahadhiri na watumishi wa vyuo vyenyewe. Wahadhiri wasome, hatuna ugomvi. Lakini kati ya mtoto wa kidato cha sita mwenye alama za juu na mhadhiri mwenye ajira kuna bonde, na katika bonde hilo wanaishi vijana wenye shahada za uhandisi wa maji, kemia na mazingira wanaouza vioo vya simu. Kwao hakuna daraja la fedha ya Tanzania. Wanasubiri tangazo la Mjerumani, la Mkorea au la Mchina.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya wasomi, mwananchi anataka maji na siyo makala. Basi tuwapeleke Mara.

Machi 2022 maji ya mto Mara yaligeuka meusi, yakanuka, na samaki wakaelea wamekufa. Serikali ikazuia watu kuyatumia na ikaunda kamati. Kamati ikarudi na jibu kwamba chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza. Nchi nzima ikacheka. Watu walioishi na ng'ombe kando ya mto ule tangu enzi za mababu waliuliza ng'ombe hao wameanza kujisaidia lini. Wengi wakaunganisha na mgodi, kwa sababu walikuwa na kumbukumbu: Mei 2009 maji yenye sumu yalivuja kutoka mgodi wa North Mara kuingia mto Tigithe, na mwaka huo huo watafiti kutoka Norway, pamoja na mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walipima udongo na maji ya eneo hilo na kuchapisha matokeo ya kutisha.

Hapa gazeti hili litasema jambo ambalo baadhi ya wasomaji wetu hawatalipenda. Inawezekana kamati ile ilisema kweli. Kinyesi kikizidi mtoni, vijidudu vinavyokiozesha humaliza hewa ndani ya maji na samaki hufa kwa kukosa pumzi. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti ulioongozwa na wanasayansi wa Marekani, uliofanywa kwenye mto huo huo upande wa Kenya, ukionyesha kwamba kinyesi cha viboko huweza kuua samaki kwa njia hiyo hiyo. Sayansi ya jambo hilo ipo. Kilichokosekana ni imani, na imani haiundwi kwa kamati iliyoteuliwa na waziri. Ingekuwepo kama pale daraja la Kirumi angekuwa amekaa kijana wa Musoma, mtafiti wa chuo chetu, anayelipwa na umma na kuchota chupa ya maji kila wiki kwa miaka mitano, mvua na kiangazi, kisha kubandika majibu ukutani kwa mtendaji wa kata. Siku maji yanapogeuka rangi, mtu anamwendea: jamani, safari hii umeona nini? Naye anafungua daftari. Badala yake, la Tigithe tuliletewa majibu na Mnorwe, la viboko tukaelezwa na Mmarekani, na la Kirumi tukaletewa na kamati.

Na hata pale utafiti unapofanyika vizuri, unamaliza safari yake kwa Kiingereza. Watu wa Meru wamekaguliwa meno, wamepimwa mifupa na mkojo, wamechotewa maji ya visima vyao kwa miaka zaidi ya 60. Wangapi wamewahi kupewa karatasi moja ya Kiswahili inayosema kisima chako kina kiasi gani, mtoto wako anyweshwe maji ya wapi mpaka afike miaka minane, baada ya hapo meno ya mbele yamekwishapona hatari? Jambo hilo la umri peke yake lingeokoa meno ya watoto wengi. Kama maji salama ni kidogo, apewe mdogo kwanza. Haihitaji mtambo, inahitaji mtu aliyelipwa kuandika ukurasa mmoja kwa lugha ya mama yule.

Tuseme na habari ya matangazo. Nafasi hizi zinatangazwa, hatusemi hazitangazwi. Zinatangazwa kwa Kiingereza kizito, kwenye kuta za idara na kurasa za vyuo vyenyewe, muda wa wiki chache kabla ya dirisha kufungwa. Anayeona mapema ni aliye karibu: msaidizi wa profesa, mtoto wa profesa, rafiki wa mtoto wa profesa. Hatujasema zinagawiwa kwa undugu. Tunasema kitu cha umma kikitangazwa kwa kunong'ona, watu watadhani ni undugu hata kama mgawaji ni malaika, na huko Tengeru na Mlimani malaika wakiwepo watakuwa wachache. Kama matangazo ya mnada wa magari chakavu ya Serikali yanajaza magazeti ya Kiswahili, kwa nini nafasi ya kijana kulipwa atafute dawa ya maji yetu isijaze?

Lipo tena kundi linalosahaulika kabisa kila utafiti unapozungumzwa, nalo ni mafundi. Nani alijenga tanuri la kuchomea mifupa? Nani anatengeneza pampu ya maabara ikizimika? Vijana wa Chuo cha Ufundi Arusha, wa DIT, wa Chuo cha Maji pale Ubungo na wa VETA wana mikono ambayo profesa hana, na profesa mkweli atakwambia hivyo mwenyewe. Nafasi kumi za uzamivu bila fundi sanifu hata mmoja wa kudumu ndiyo zinazotuletea mashine za mamilioni zilizofunikwa shuka kwa kukosa kipuri cha elfu arobaini. Kijana wa stashahada naye awekewe nafasi yake ya mwaka mmoja au miwili ndani ya utafiti, kwa posho inayoeleweka, na akitoka hapo awe na njia ya kwenda shahada. Wengi wa wasomaji wetu hawatafika uzamivu na hakuna aibu katika hilo. Hapo kwenye ufundi ndipo pao.

Fedha itoke wapi? Wakubwa hupenda kutuuliza hivyo wakidhani tutanyamaza. Mradi wa maji wa jiji la Arusha ulitangazwa kugharimu shilingi bilioni 520, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika ulioidhinishwa mwaka 2015. Floraidi ilikuwa moja ya sababu za kuufanya, maana ilibidi maji yatafutwe mbali mpaka wilaya ya Hai. Nusu asilimia tu ya fedha hiyo ni bilioni 2.6. Tuseme mtafiti mmoja, kwa hesabu yetu ya mezani, agharimu milioni 30 kwa mwaka, ada na posho na vipimo na nauli vyote humo. Hiyo inatosha watafiti 28 kwa miaka mitatu mizima, na chenji inabaki. Chukua mradi wa bonde la Msimbazi hapa Dar es Salaam, wenye mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 ulioidhinishwa mwaka 2022 baada ya Jangwani kufurika kila mwaka tangu tulipozika watu wa mafuriko ya Desemba 2011. Nusu asilimia yake ni dola milioni moja. Vijana wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Mlimani wangelipima tope la bonde lile mpaka wakalijua kwa majina. Tunakopa kwa ajili ya saruji na mabomba, tunakopa kwa ajili ya magari ya mradi, na mshauri mwelekezi kutoka nje halipwi kwa shukrani. Akili ya kujua kama bomba limefanya kazi ndiyo peke yake inayosubiri msaada.

Kwa hiyo tunataka sheria ya fedha iseme wazi kwamba kila mradi wa maji, madini au mazingira unaotumia mkopo wa Taifa utenge nusu asilimia kwa nafasi za utafiti katika vyuo vyetu, zigombewe na Mtanzania yeyote mwenye sifa bila barua ya mwajiri, na robo yake iwe ya mafundi sanifu. COSTECH itangaze nafasi zote kwa Kiswahili katika magazeti na redio siku 60 kabla ya mwisho wa kupokea maombi, na baada ya usaili ichapishe majina ya waliopata, mikoa yao na wanachokwenda kutafiti, kama NECTA inavyochapisha matokeo ya watoto wetu bila kumwonea mtu haya. Mtafiti asipewe shahada mpaka awe amekabidhi ukurasa wa Kiswahili kwa serikali ya kijiji au mtaa alikochota sampuli. Na mbunge yeyote mwenye ujasiri, wa chama chochote, amuulize Waziri wa Maji swali moja katika kikao cha bajeti: ni watafiti wangapi pale Tengeru, leo hii, wanaolipwa kwa fedha ya Tanzania isiyo mkopo wala msaada kutafuta dawa ya floraidi? Tunataka tarakimu. Hadithi ya "mchakato unaendelea" tumeishiba.

Wakati tunasubiri tarakimu hiyo, wewe mwenye shahada kabatini usisubiri. Andika kurasa mbili juu ya kitu unachokijua vizuri kuliko profesa: maji ya kisima cha kwenu, moshi wa dampo la Pugu, mtaro wa Vingunguti. Nenda nazo mwenyewe kwenye idara, omba kuonana na mhadhiri ambaye kazi yake inagusa jambo hilo, maana msimamizi akikukubali kwanza, nusu ya safari umekwishamaliza na mfadhili hutafutwa na wawili. Nakala za vyeti ziwe zimethibitishwa na mwanasheria. Na ukikabidhi maombi masijala, usiondoke mpaka nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.